Kiwiko Gazetini

9 Februari

Mwanangu Mhariri,

Barua hii ikukute mzima, umeshiba, na umelala walau saa tano, ingawa kwa kazi yako najua usingizi ni wa kuazima. Sisi huku tupo. Goti langu la kulia linatabiri mvua kuliko redio. Baba yako mdogo aling'olewa jino Jumanne, na tangu hapo anapokea wageni kama aliyejifungua. Paa la studio limeacha kuvuja, kwa hiyo ile ndoo ya bluu uliyoikwaa Desemba imerudi kwenye kazi yake halali ya kufulia.

Sasa shauri lililonikalisha chini. Simu zako naziona zikilia. Sizipokei. Siku ile ulipopiga nilikuambia "mimi mzima", ukamshukuru Mungu, tukakata. Kwenye simu wewe una maneno mengi kuliko mimi. Kwenye karatasi tunalingana, na karatasi haiishiwi chaji.

Nimeliona gazeti lenu la Jumatatu. Ukurasa wa mbele mmemweka yule aliyeingia na bunduki kwenye ukumbi wa kulipia maji, watu saba wakatolewa kwa machela wamefunikwa mpaka usoni. Jina lake mmeliandika mara ishirini na sita. La ishirini na saba halitatoka kwangu. Chini ya picha mmeandika: "Picha: Maktaba."

Maktaba gani, mwanangu? Picha ile niliipiga mimi, miaka saba iliyopita, alipopata kazi yake ya kwanza ya ulinzi. Kovu la shavuni nililifuta mimi kwa ncha ya penseli. Ilitoka vizuri mno, nikaitundika dirishani iwe sampuli, na ikakaa hapo hadi siku ile. Niliishusha kabla sakafu ya ukumbi haijaoshwa, na sikumpa mtu. Nikajiuliza, imefikaje kwenu? Nikachukua kioo changu cha kukuzia. Pale ukingoni kushoto kuna kitu cheusi chenye maua ya njano. Wasomaji wenu wamedhani ni dosari ya mashine. Ni kiwiko changu. Ni ile picha uliyonipiga kwa simu Desemba, nimesimama mbele ya studio, mikono kiunoni kama mwenye mji. Umenikata mimi, ukabakiza dirisha.

Miaka sitini na moja nasubiri kutoka gazetini. Nimetoka kiwiko.

Tena nimepima. Unanijua, nilianza na kamera ya kuazima na rula ya mkopo, na rula haijawahi kunidanganya. Yule amepata mistari mia tatu na kumi. Humo ndani kuna paka wa mitaani aliokuwa akiwalisha: mistari kumi na minne. Waliokufa, wote saba, wamepata kumi na mmoja. Ukigawanya, kila marehemu ana mstari mmoja na nusu na chenji kidogo. Hata paka wamewazidi.

Nasubiri jibu. La karatasi.

Shangazi yako,
Kiwiko

20 Februari

Shikamoo Shangazi, na kiwiko nacho shikamoo,

Barua yako ilifika ofisini, na kwa kuwa uliandika "Mhariri" kwa herufi kubwa kuliko za jengo, wenzangu wameipitisha meza hadi meza kabla sijaiona. Sisi wazima. Mkwe wako anakusalimu. Mjukuu wako ameanza kutembea, na safari yake ya kwanza iliishia kwenye waya wa kompyuta yangu, akazima kazi ya asubuhi nzima. Mkubwa wangu anasema huyo ndiye mhariri.

Nisalimie Mama Vifungo hapo jirani kwenye cherehani yake. Mwambie ile kaptula ya shule aliyonishonea, yenye vifungo sita mahali pa vitatu, bado naiota. Nikiwa na haja ilibidi nianze kufungua tangu darasani.

Sasa nijitetee. Kweli nilikukata. Ilikuwa imebaki nusu saa gazeti liingie mitamboni, na picha ya polisi ilikuwa na giza, uso unaweza kuwa wa mtu yeyote. Na huo uso wa mtu yeyote ulikuwa na hatari yake, Shangazi. Hukusikia kuhusu fundi baiskeli wa kule stendi? Watu walishamzunguka, wameshaokota mawe, kwa sababu tu ana kipara kama yule. Aliyemwokoa ni mtu aliyenyanyua gazeti letu na kusema, "Tazameni, siye."

Kuhusu mistari: waliofiwa hawafungui mlango. Wambeya wanafungua kabla hujabisha. Majirani wa yule walituambia mpaka rangi ya paka. Upande wa marehemu tulipata orodha ya polisi, majina saba kama yalivyo kwenye vitambulisho. Niliipanga mwenyewe ukurasa wa tano, nikahakikisha hakuna herufi iliyokosewa. Na watu wana haki ya kujua mtu anafikaje pale. Wasipojua, wa pili watamtambuaje?

Hili la mwisho usilirushe jikoni. Kesi inaanza Juni. Mkubwa anataka ukurasa mzima, na picha kubwa, safi, isiyo na kioo cha dirisha katikati. Filamu yake unayo. Ukinitumia, jina lako litawekwa chini, kamili, si kiwiko.

Mwanao mtiifu (usicheke)

5 Machi

Mhariri mtiifu,

Marahaba. Nimecheka. Mbusu mjukuu wangu, na waya uutundike juu. Hata mimi nilipokulea nilijifunza hilo kwa hasara. Baba yako mdogo jino limepona, sasa analalamikia la jirani yake. Goti lilitabiri mvua, ikanyesha.

La fundi baiskeli umenishinda, nakuvulia kofia. Siku ya kwanza picha ni dawa. Lakini hakuna daktari anayekupa kidonge kilekile wiki tatu kisha akakuongezea kiwe kikubwa kama ukurasa. Na "anafikaje pale" siyo paka. Andikeni bunduki aliipata wapi mtu aliyefukuzwa ulinzi. Andikeni nani aliambiwa akapuuza. Hayo nitasoma mistari elfu. Sasa mmeandika alikuwa anapenda kupiga mluzi, hilo linamsaidia nani kumtambua nani? Nikimsikia mtu anapiga mluzi nijifungie ndani?

Halafu makala yenyewe haina jina la mwandishi. "Ukimya wake ulitembea kwa nyayo laini." Mwanangu, darasa la sita uliandika insha kuhusu bibi yako: "Ukimya wa bibi ulitembea kwa nyayo laini." Ulipewa alama kumi na nane kati ya ishirini, nikaibandika ukutani. Bibi yako angejua nyayo zake zimehamia wapi!

Nikusimulie jambo, halafu uamue wewe.

Alhamisi iliyopita aliingia kijana, fundi wa kupiga lipu, saruji bado iko kwenye nyusi. Akatoa mfukoni kipande cha gazeti lenu kilichokunjwa mara nne, akakikunjua taratibu kama hati ya kiwanja.

"Mama, unaweza kunipiga kama hivi?"

Kidevu juu ya ngumi, mwanga wa kushoto, macho mbali. Yule.

"Unamjua huyu?" nikamuuliza.

"Si yule wa kwenye maji."

"Na wewe unataka kufanana naye kwa nini?"

Akainua mabega. Hakuwa na ubaya usoni, nakuapia, hata haya kidogo alikuwa nayo. "Basi tu, Mama. Katoka vizuri."

Katoka vizuri! Katoka vizuri kwa sababu nilisogeza taa mara nne, na kovu nikalifuta. Waliokufa hawakutoka vizuri, ndiyo maana hakuna anayekuja na mstari wao mmoja na nusu mfukoni aseme, nipige kama hawa. Nilimwambia kijana taa ya kushoto imeungua. Imeungua nini! Nilikuwa nimeipangusa asubuhi.

Filamu sitoi.

Shangazi yako

23 Machi

Shikamoo Shangazi,

Sisi wazima, isipokuwa mkwe wako ana mafua na mimi nina wewe.

Kuhusu insha ya darasa la sita, umenikamata.

Kuhusu fundi lipu, nilikaa na barua yako kwenye ngazi za ofisi mpaka mlinzi akaniuliza kama nimefukuzwa. Sikubali kwamba gazeti linatengeneza wauaji. Magazeti yangekuwa na nguvu hiyo, watu wangekuwa wamejifunza kulipa kodi. Lakini "katoka vizuri" haijanitoka. Nimejaribu kumwambia Mkubwa. Akasema, "Shangazi yako ana studio moja, sisi tuna wasomaji elfu arobaini." Nikamwambia shangazi yangu angeuliza, wangapi kati ya hao elfu arobaini wana mkasi. Akaniangalia kama nimeongea kwa lugha ya ndege. Bado anataka filamu, Shangazi. Ameshaniuliza mara tatu, na ya tatu hakuniita kwa jina, ameniita "wewe".

Mbona hujanijibu Mama Vifungo alisemaje? Au amenuna kwa ajili ya kaptula? Mwambie namtania. Kwenye bahasha hii nimeweka vifungo sita vya shaba. Nilivikuta kwa muuza vitu vya ushonaji hapa chini ya ofisi, nikamkumbuka. Mwambie avitumie kwenye lile gauni lake mwenyewe, analoahidi kulishona tangu nikiwa mtoto. Sita, asipunguze hata kimoja.

Mwanao

14 Aprili

Mwanangu,

Wote wazima. Goti zima.

Vifungo vimefika. Vizuri, vizito. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilivifungua nikavifunga, nikavifungua nikavifunga, mpaka bahasha ikachoka.

Salamu zako za Februari sikuzifikisha. Za Machi pia.

Unajua utaratibu wetu mimi na yeye. Mwezi mmoja mimi nakwenda kupanga foleni ya kulipia maji kwa ajili ya milango yote miwili, mwezi mwingine anakwenda yeye, ili mmoja abaki na wateja. Miaka ishirini na miwili hatukuwahi kugombana zamu ya nani. Mwezi ule ilikuwa yake. Aliacha cherehani na kitambaa chini ya sindano, akaniambia, "Mwangalie huyo asiniibie pini," akimaanisha mimi mwenyewe. Akaondoka na karatasi mbili za maji mkononi, yake na yangu.

Nenda ukurasa wa tano. Orodha uliyoipanga mwenyewe. Jina la nne.

Hukumtambua. Sikulaumu kwa hilo, hata mimi jina lile nililisikia hospitali kwa mara ya kwanza, nikamwambia muuguzi amekosea maiti. Ninachokulaumu ni kwamba ulihakikisha herufi, ukaona imetosha. Na mimi nijilaumu nini? Nilinyamaza miezi miwili nikisubiri ulisome gazeti lako. Wewe ukawa unanitumia utani.

Tena sikiliza uchungu wa mpiga picha. Jirani yangu miaka yote hiyo, picha yake sina. Kila nikimwita akae, "Ngoja nijishonee gauni kwanza." Amewavalisha maharusi wa mji mzima, mwenyewe hakupata nafasi. Watoto wake wamekuja kuniomba, nimepekua makabati yote. Yule nimempata, safi, hana hata vumbi. Yeye hakuna.

Picha yake moja tu ipo duniani, na unayo wewe. Desemba, mbele ya studio. Dirisha liko upande wangu mmoja. Angalia upande wa pili.

Shangazi yako

22 Aprili

Shangazi,

Nimemwona.

Yuko mlangoni kwake, nyuma ya cherehani, pini tatu mdomoni, anacheka kwa upande mmoja ili zisidondoke. Anakucheka wewe na hiyo mikono yako kiunoni. Nadhani ndiyo maana na mimi mkono ulitikisika kidogo nilipopiga.

Nimeitazama kwenye kompyuta mpaka mke wangu akaja kusimama nyuma yangu. Akauliza, "Huyu ni nani?" Nikashindwa kumwambia jina. Nikaenda kulisoma gazetini, kisha nikarudi kumwambia.

Usiku ule nilipokata, Shangazi, yeye ndiye niliyeanza kumkata. Wewe ulifuata.

Filamu sitaiomba tena. Vifungo usinirudishie. Nina ombi lingine: wale sita, una picha za wangapi?

Mwanao

17 Juni

Shikamoo Shangazi,

Sisi wazima wote. Mjukuu ameota jino na amelijaribu kwenye kitabu changu cha kamusi, kuanzia A.

Picha zako nne zilifika bila kukunjamana. Ulivyozipakia kwa mbao kama vioo, dereva wa basi alidhani ni dirisha. Zile familia mbili zilizokataa, nimeheshimu. Nilikwenda mwenyewe. Mlango wa kwanza haukufunguliwa. Wa pili mzee mmoja alinikaribisha, akasema picha hataki, ila niandike kwamba marehemu mke wake alikuwa akihesabu chenji mara mbili kisha anamrudishia muuzaji iliyozidi. Nimeandika.

Gazeti la siku ya kesi unalo ndani ya bahasha hii, lipime. Lilivyozaliwa ni hivi. Niliweka kurasa mezani kwa Mkubwa, wale saba wakiwa mbele.

"Sura yake iko wapi?" akauliza.

"Ukurasa wa nne, Mkubwa. Pamoja na habari ya mahakama, na ya bunduki ilikotoka."

"Wa nne! Watu wananunua gazeti wamwone yeye."

"Wameshamwona. Kuna mmoja amemkunja mfukoni."

Hakuelewa. Nikamsomea barua yako ya Machi, ile ya fundi lipu. Akachezea kalamu. Halafu akasema, "Shangazi yako anaandika kuliko wewe." Na baadaye: "Ukurasa wa mbele ni wako, leo tu. Likidoda, na wewe umedoda nalo."

Limedoda, Shangazi. Mafungu yamerudi kamba hazijafunguliwa. Kwa hiyo usishangae anwani ya nyuma ya bahasha: nimehamishiwa ukurasa wa matangazo. Vifo, harusi, mbuzi waliopotea. Kiti hakina mgongo lakini kuna dirisha. Watu wanakuja na jina la marehemu limeandikwa kwenye kipande cha karatasi, na mimi nikishahakikisha herufi, nauliza, "Na mtaani mlimwitaje?" Wengi wanacheka kwanza. Na hilo jina naliandika.

Mwanao wa mbuzi waliopotea

30 Juni

Mwanangu wa mbuzi,

Marahaba. Kamusi mwachie, akimaliza A atakuwa amekuzidi. Baba yako mdogo amesikia sasa una ukurasa wa vifo, anauliza kama unapokea malipo ya mapema.

Nimepima. Jina la yule, mara moja. Mistari yake ishirini na miwili, paka hakuna. Picha sentimita tatu kwa nne, na kovu lipo. Hiyo ni picha mpya ya polisi, nimefurahi. Marehemu, mistari mia mbili na arobaini. Ukigawanya kwa saba unapata thelathini na minne, inabaki miwili. Hiyo miwili nimempa mzee wa chenji, maana mke wake angekurudishia.

Gazeti limedoda huko kwenu. Huku nilikwenda asubuhi nikakuta limekwisha. Muuzaji aliniambia watoto wa Mama Vifungo wamenunua yote, wanagawa kama kadi. Mwambie Mkubwa wako hesabu ni ya pande mbili.

Yule fundi lipu amerudi. Hana kipande mfukoni. Anataka picha ya pasi, kuna kampuni imemwita. Akauliza, "Ile taa ilipona, Mama?" Nikamwambia imepona. Akatabasamu, nikamkaripia, ofisi hazitaki meno. Nimemtoza bei kamili.

Kuna moja tu nakudai. Picha yake pale mbele umeikata vizuri, pini zinaonekana, kicheko kipo. Lakini tazama ukingoni kulia. Kuna kitu cheusi chenye maua ya njano. Mwanangu, hicho ni kiwiko changu cha pili. Sasa vyote viwili vimeshatoka gazetini, katikati bado. Desemba uje, na ukija acha mkasi huko.

Dirishani palikuwa na msumari mtupu tangu siku ile. Nimemtundika yeye, nikamweka kwenye fremu ya mninga, na gauni lake la kazini vilevile, maana lile lingine tulilikuta limekatwa tu, halijashonwa. Vifungo vyako nimevigandisha chini ya fremu. Sita, mahali ambapo vitatu vingetosha.

Salamu zako nimezifikisha.

Shangazi yako,
viwiko vyote viwili